Tenti Kubwa ya Mdhamini Pale Shoo: Hiyo Ni Pesa ya Nani?

Mwezi wa Tisa ukikaribia kuisha, mambo mawili hutokea karibu kwa pamoja. Bonasi ya majani chai huanza kushuka kutoka kwa benki na sacco hadi kwenye simu, na huko Nairobi malango ya Jamhuri Park hufunguliwa kwa Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara, yale ambayo wengi wetu bado tunayaita tu Shoo. Hapa Sigor (Sigor ya Chepalungu, kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi) mahindi na maziwa ndiyo yanayotulisha zaidi, lakini pesa ya chai ya Konoin, Sotik na Bomet ya kati ikitoka, hata soko letu hulisikia. Na pesa ikisikika, barua za kuomba udhamini nazo huanza kufika ofisini kwetu.

Wateja nao huuliza. Wengine wanataka kujua mbona hatuna tenti kubwa kama zile za makampuni mengine. Wengine huuliza kinyume chake: mbona makampuni yanatumia mamilioni kwa tenti, kofia na wanamuziki ilhali ada ya kutuma pesa iko palepale? Maswali yote mawili ni ya haki, na tumeona tuyajibu hapa waziwazi badala ya kumwachia kila wakala ajibu anavyojua. Haya ni maoni yetu sisi, na si kila mtu kwenye biashara hii atayapenda.

Tuanze na pesa yenyewe. Maonyesho ya aina hii huishi kwa mifuko mitatu. Kuna tiketi za langoni. Kuna kodi ya vibanda, yaani kile ambacho kila mwenye stendi hulipa ili apate nafasi, iwe ni wizara, kaunti, kiwanda au mtu wa kuuza miche. Halafu kuna udhamini: kampuni inatoa pesa, na jina lake linaandikwa juu ya lango, kwenye uwanja wa kuonyesha ng'ombe, kwenye makombe, na hata kwenye aproni za wafagiaji. Rais wa nchi ndiye mlezi wa chama cha kilimo cha ASK na kwa desturi yeye ndiye hufungua Shoo, na kwa hivyo watu wengi hudhani kila kitu pale kimelipwa na serikali. Sivyo. ASK ni chama chenye wanachama, kilianzishwa mwaka 1901 na walowezi, wakati reli ilikuwa ndiyo kwanza inafika ziwani. Tangu hapo kimelazimika kutafuta pesa yake kama chama kingine chochote. Baada ya uhuru kiliwafungulia wakulima wote, na leo kina maonyesho katika miji mingi: Eldoret, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Kisii, Nyeri, Mombasa na kwingineko.

Kwa hivyo hatuko upande wa wale wanaosema kampuni zikae mbali. Zikikaa mbali, ni mifuko miwili inayobaki, na yote miwili ni ya mwananchi: ama tiketi ipande bei, ama kodi ya kibanda ipande na mkulima mdogo ashindwe kabisa kuleta kitu chake. Shoo isiyo na mdhamini si lazima iwe Shoo ya wananchi. Inaweza kuwa Shoo ya wenye uwezo tu.

Lakini tusidanganyane kuhusu pesa ya kampuni hutoka wapi. Chukulia kampuni ya malipo kama yetu imetoa Sh10 milioni. Chukulia pia kwamba kwa wastani kampuni hiyo hubakiwa na Sh10 kwa kila muamala. Hiyo ni miamala milioni moja. Ni mama wa Siongiroi aliyemtumia mtoto pesa ya matumizi shuleni. Ni kijana wa boda aliyelipia mafuta, na mzee wa Longisa aliyetoa pesa ya dawa. Juu ya ada hiyo serikali nayo imechukua ushuru wake, ambao Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi 15. Sasa mteja huyu akifika langoni amekwisha kuchangia maonyesho mara mbili kabla hajanunua tiketi: mara moja kupitia ushuru unaolipia stendi za wizara, na mara nyingine kupitia ada iliyoigeuza kampuni kuwa mdhamini. Akilipa tiketi, hiyo ni ya tatu. Mtu aliyelipa mara tatu ana haki ya kuuliza maswali, na tena kwa sauti.

Wenzetu wa zamani walipitia mjadala huu huu. Maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, yale ya jumba la vioo ndani ya Hyde Park, karibu yaangukie mikononi mwa wakandarasi wawili wa jina la Munday. Hao walikuwa tayari kutoa pesa yote ya mwanzo, kisha wagawane faida. Mkataba ulitiwa sahihi. Watu wakanung'unika: jambo la taifa zima linawezaje kuwa duka la watu wawili? Mwanzoni mwa mwaka 1850 mkataba ukavunjwa, na badala yake ikaendeshwa michango ya umma nchi nzima, pamoja na mfuko wa dhamana ambapo matajiri waliahidi kufidia hasara ikitokea. Tajiri mmoja wa ujenzi wa reli, Samuel Morton Peto, peke yake aliahidi pauni 50,000. Angalia tofauti hapo. Peto aliweka pesa yake hatarini bila kununua chochote. Kina Munday walitaka kununua maonyesho yenyewe. Wote ni sekta binafsi.

Na haikuwa kwamba biashara ilifungiwa nje. Kampuni ya Schweppes ililipa pauni 5,500 kwa haki ya kuuza vinywaji na chakula ndani, ikauza chupa zaidi ya milioni moja. Sisi hatuoni ubaya wowote hapo. Ilinunua haki ya kuuza soda. Haikununua lango. Lango lilibaki la umma, na mwishoni mwa Mei bei ikashushwa hadi shilingi moja kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Wafanyakazi wa viwandani, ambao walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo kwenye vikundi vyao vya safari (nyinyi mngeviita chama), wakajaa kwenye treni. Thomas Cook peke yake alisafirisha watu zaidi ya 150,000. Jumla walioingia walipita milioni sita, na faida ikawa pauni 186,000. Faida hiyo haikugawanywa. Ilinunua ardhi ambayo juu yake yamejengwa makumbusho makubwa ambayo watu wa London huingia hadi leo.

Kuna kisa kingine cha mwaka huo huo tunachokipenda zaidi. Wamarekani walileta bidhaa zao London halafu wakakwama, kwa sababu Bunge lao halikuwa limetenga pesa ya kupamba na kupanga sehemu yao. Mabanda yalikaa nusu tupu, magazeti yakawacheka. George Peabody, mfanyabiashara Mmarekani aliyekuwa akiishi London, akawakopesha dola 15,000. Mashine ya McCormick ya kuvuna ngano ikaonekana na ikapata medali. Hiyo ndiyo kazi ya pesa binafsi inapoingia vizuri: inaziba pengo ambalo serikali imeacha, ili mkulima aione mashine.

Inapoingia vibaya, angalia Millennium Dome, London hiyo hiyo, mwaka 2000. Sehemu nyingi za jumba zilikuwa na wadhamini wake: Ford kwenye safari, Tesco kwenye elimu, na kadhalika. Walitarajia wageni milioni 12, wakaja karibu milioni 6 na nusu, na pesa ya bahati nasibu ya taifa iliyotumika ikafika pauni milioni 628. Wadhamini walikuwepo, majina yao yaling'aa, lakini pengo lilipotokea ni pesa ya umma iliyoliziba. Hakuna Peto.

Tukirudi nyumbani, wenzetu wa Tanzania wana Saba Saba, inayosimamiwa na TanTrade, taasisi ya serikali, kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam. Huko dola ndiyo mwenye nyumba na makampuni ni wapangaji. Kwetu Kenya, chama ndicho mwenye nyumba. Mifumo yote miwili inaweza kufanya kazi. Cha muhimu ni kwamba mpangaji asijifanye mwenye nyumba.

Hapo ndipo tunapofika kwenye biashara yetu wenyewe. Barua nyingi za udhamini zinazotufikia huwa na kifungu kimoja kitamu sana: ukitoa kiwango cha juu, utakuwa mtoa huduma pekee wa malipo ndani ya uwanja. Maana yake ni kwamba langoni kutakuwa na nambari moja tu ya kulipia, mawakala wa kampuni moja tu ndani, na vibanda vyote vitaambiwa vitumie nambari hiyo. Kwa kampuni, hicho ni kifungu cha dhahabu. Kwa mteja aliyetoka Sigor alfajiri, akapita Bomet, Narok na Mai Mahiu, akafika Nairobi na laini ya mtandao mwingine, ni usumbufu mtupu. Atabaki langoni akitafuta mtu wa kumtumia pesa ili naye amlipie. Huyo mtu wa kumsaidia langoni, mara nyingi, ndiye yule yule wa kumwibia.

Nchi hii imefanya kazi kubwa kuondoa ukuta kati ya mitandao. Tangu 2018 unaweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja, na tangu 2022 unaweza kulipa kwenye Till ya mfanyabiashara hata kama laini yako si ya mtandao wake. Itakuwa ajabu ukuta huo ujengwe tena kwenye lango la maonyesho ya taifa kwa sababu tu kuna aliyelipia.

Halafu kuna suala la floti, ambalo waandaaji wengi hawalifikirii kwa sababu hawajawahi kukaa kwenye kibanda cha wakala. Asubuhi wageni wanatoa pesa, kwa hivyo noti zinaisha. Jioni wenye vibanda wanaweka mauzo yao ili wasilale na pesa taslimu, kwa hivyo floti ndiyo inayoisha. Mawakala wakiwa wa kampuni moja tu, wote wanaishiwa kwa wakati mmoja. Wakiwa mchanganyiko, mmoja akikosa mwenzake anayo. Na kama uwanja mzima unategemea mtandao mmoja, ukizimika kwa saa moja siku ya ufunguzi, biashara yote imesimama. Kwa hivyo sisi tunasema hivi, na tunajua ni kinyume na maslahi yetu ya haraka: haki ya kuwa mtoa malipo pekee isiuzwe katika maonyesho ya umma. Tuuzie bango. Tuuzie jukwaa la muziki. Kombe la ng'ombe bora wa maziwa tutalilipia kwa furaha, mradi wanaohukumu ng'ombe wasiwe wafanyakazi wetu.

Kuna kitu kingine ambacho huuzwa bila hata kuandikwa kwenye mkataba, nacho ni wewe. Umewahi kuona foleni ndefu ya watu wanaopewa kofia au fulana? Mbele ya foleni kuna kijana na daftari, au tableti, anaandika jina, nambari ya simu, na wakati mwingine nambari ya kitambulisho. Ile kofia si ya bure. Umeilipia na nambari yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema kampuni haiwezi kutumia taarifa zako kibiashara bila idhini yako, na lazima uambiwe zinachukuliwa kwa sababu gani. "Andika hapa upate kofia" si maelezo. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kukataa na kuondoka bila kofia. Jua huchoma, ndiyo, lakini mwavuli wa sokoni Bomet hauulizi nambari ya kitambulisho.

Kitambulisho hasa ndicho cha kuangalia. Mtu akikipiga picha, anaweza kujaribu kusajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikitumika kutapeli watu, polisi wataanza na wewe. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, toa ripoti siku hiyo hiyo. Na msimu wa maonyesho ukianza, tarajia ujumbe wa "umeshinda zawadi ya Shoo, tuma kiasi kidogo cha usajili". Hakuna zawadi inayolipiwa. Hata ukiambiwa imetoka kwa mdhamini mkuu, hata ukitajiwa jina lako kamili. Jina lako walilipata kwenye daftari la kofia.

Ukilipa kwenye kibanda, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka nambari ya siri. Kibanda kimeandikwa jina la kikundi, jina linalotokea ni la mtu binafsi usiyemjua? Uliza kwanza. Pengine ni mweka hazina wa kikundi, hilo hutokea sana na si kosa. Lakini pengine kuna mtu amebandika karatasi yake juu ya ile ya kweli. Ukituma kimakosa kwa M-PESA, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, usingoje ufike nyumbani, kwa sababu pesa ikishatolewa kuirudisha ni shida.

Sasa, pesa ya mdhamini iende wapi? Maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa isiende kwenye tenti kabisa. Chukulia kikundi cha akina mama kumi na wawili wa hapa Sigor wanaotengeneza mursik ya kuuza na kupanda viazi vitamu. Ili waonekane Nairobi wanahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, kodi ya kibanda, kibali cha chakula, na mtu wa kuwakamulia ng'ombe nyumbani wiki nzima. Gharama ya tenti moja ya kifahari, yenye zulia na viti vyeupe, ingeleta vikundi kadhaa vya namna hiyo. Na hao ndio watu wanaopaswa kuonyeshwa. Mgeni wa Jamhuri Park hahitaji kuonyeshwa nembo ya kampuni ya malipo. Anayo tayari kwenye simu yake.

Kitu kingine ni kinachobaki. Taifa lilikuja karibu nasi tarehe 20 Oktoba 2023, Siku ya Mashujaa ilipofanyika Kericho. Hotuba ziliisha siku ile ile, lakini uwanja wa Kericho Green uliokarabatiwa kwa ajili yake bado uko. Pesa ya udhamini ingefuata mfano huo: choo cha kudumu badala ya cha kukodi, bomba la maji kwenye banda la mifugo, umeme kwenye vibanda vya vikundi. Bango huteremshwa Jumatatu.

Na itangazwe. Sisi sote tumehudhuria harambee. Anayetoa huitwa kwa jina, kiasi chake husomwa kwenye kipaza sauti, na mwekahazina huandika. Hata mbunge akitoa bahasha, inafunguliwa na kuhesabiwa mbele ya watu, na ikipungua wanakijiji wanaguna. Mbona basi kampuni itoe mamilioni kwa maonyesho ya taifa na mwananchi asijue ni ngapi, ziliingia wapi na kampuni ilipewa nini? Tunapendekeza ubao mmoja langoni, wa mbao hata, wenye jina la kila mdhamini, kiasi alichotoa na alichopewa. Kampuni zitakazosema hilo ni siri ya biashara zinaweza kufanya biashara hiyo kwenye hoteli zao.

Kwa upande wetu, kila barua ya udhamini ya msimu huu tutaijibu kwa maswali yale yale. Je, laini za mitandao yote zitalipa langoni? Nani atakusanya nambari za wageni, na zitafutwa lini? Ni vibanda vingapi vya vikundi vidogo vitalipiwa kutokana na pesa yetu, na kutoka wadi zipi? Tukijibiwa, tutatoa, na kiasi tutakiandika hapa hapa ukisome kabla hujapanda gari. Kama kikundi chenu kiko Sigor, Siongiroi au popote Chepalungu, au hata Longisa, na mnafikiria kwenda, anzeni na nambari ya kulipia yenye jina la kikundi, isiwe ya mtu mmoja. Mnahitaji cheti cha usajili wa kikundi, kumbukumbu za mkutano zenye sahihi, na vitambulisho vya maafisa watatu. Mwambieni wakala wenu mapema, kwa sababu usajili huo huchukua siku, na wiki ya bonasi foleni yake mnaijua.